Kisu Chenye Pengo

Shangazi yangu alishona nyavu tangu kabla sijazaliwa, na wavuvi walimwita Daktari. Ukimpa wavu uliotoboka anaupitisha vidoleni, anaunusa, kisha anakwambia nani kautoboa: mwamba, kasia au fisi maji, yule mnyama wa ziwani anayeiba samaki nyavuni. Jino la fisi maji hutafuna uzi ukabaki kama mswaki uliochakaa. Kisu hukata na kwenda zake.

Fisi maji walikuwa wametoweka ziwani miaka thelathini. Waliporudi, wageni walikuja na kamera, wavuvi wakaja na matusi. Na wavuvi walikuwa na haki, maana mnyama yule haombi, anajipakulia. Ndipo Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, akaweka sharti: hatoi kibali cha kuwategea mpaka Daktari atamke kwa kinywa chake kuwa wavu umeliwa na meno. Shangazi aliivalia kazi hiyo njuga. Tulimtania kwamba siku hizi anapokea wagonjwa kwa miadi.

Siku ya kikao cha kuamua kibali, ukumbi wa ushirika ulijaa hadi madirishani. Wavu ulioletwa ulikuwa wa mume wa Shangazi, mwenyekiti wa wavuvi. Shangazi mwenyewe alikuwa amemfumia, miezi mitatu, akaumaliza vidole vimemvimba. Ulikuwa na matundu sita.

"Tazama, mama," mumewe akamwambia kwa upole. "Safari hii wametumaliza."

Shangazi akapitisha vidole. Tundu la kwanza, la pili. Ncha za nyuzi zilikuwa zimesuguliwa kwa jiwe ili zionekane zimetafunwa. Kwenye la tatu msuguaji alikuwa amechoka. Hapo vidole vikasimama, na uso wake ukabadilika mpaka nikaogopa. Akatoa mfukoni mwa aproni kisu chake kidogo, kile ambacho hata mimi sikuthubutu kukigusa. Kina pengo katikati ya makali. Akakata uzi mmoja mbele yetu. Pengo liliruka unyuzi mmoja wa uzi ule, ukabaki mrefu kuliko wenzake. Akauweka uzi huo kando ya tundu la tatu. Nyuzi zote za pale zilikuwa hivyo hivyo.

"Haya si meno," akasema. "Ni kisu changu."

Bwana Samaki akavua miwani. "Mama, ina maana umekata wewe?"

Hilo halikuwa limempitia Shangazi akilini, nililiona usoni mwake. Alidhani akishasema kweli, kazi imeisha. Akamgeukia mumewe, na ukumbi mzima ukageuka naye. Nyumba yao ina watu wawili tu, na kisu hulala ndani ya kopo chini ya kitanda chao.

Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Muulizeni mwenyewe," akasema.

Miaka thelathini na miwili ya ndoa. Nikakaa sakafuni kama mtoto. Shangazi aliuvuta wavu wote mapajani, akashika kisu, akaanza kukata. Alikata jicho la wavu baada ya jicho, bila haraka, vipande vikimwangukia miguuni, na hakuna aliyesogea kumzuia. Mumewe alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

Alipofika katikati alimtazama Bwana Samaki.

"Sasa ndiyo nimekata mimi," akasema. "Andika."