Alihudhuria Siku Zote, Hakusoma Hata Moja

Nyinyi wajukuu wa watu mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Huwezi kusoma umelala chali na simu iko kifuani. Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, na kusoma kwenyewe nilikujulia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nina mtoto mgongoni na mwingine ananivuta kanga. Kwa hiyo maneno makubwa sina. Nitawaeleza jinsi sisi watu wazima, wenye akili zetu timamu, tulivyoichezea shule ya mtoto huku tukidhani tumeishinda. Mkicheka, chekeni. Ila msijifanye kwenu hakuna nyumba kama yangu.

Huku kwetu, kati ya Nachingwea na Ruangwa, neno kuhudhuria tunalijua kwa misiba. Mtu akifa Kiegei au Mbekenyera, unaamka, unajitanda kanga, unapanda bodaboda, unafika unakaa mkekani na wanawake wenzako. Hakuna anayekuuliza umelia kiasi gani. Kinachotakiwa ni uonekane. Wenye msiba wanapitisha macho: nyumba ya fulani imekuja, nyumba ya fulani haijaja, na isiyokuja haisahauliki mpaka siku na wao watakapofiwa. Ukishaonekana, unaweza ukaaga, nimemwacha mgonjwa nyumbani, ukarudi kwenye kazi yako. Umehudhuria. Iko misiba niliyokaa muda wa chai kuchemka tu, na mpaka leo nahesabiwa nilikuwepo.

Sasa mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuwa kidato cha nne kwenye shule ya kata. Anataka kusomea uuguzi. Hilo alilisema tangu mdogo, siku aliponisindikiza hospitali ya misheni kuchomwa sindano, akamkuta muuguzi ananisemesha kwa heshima kuliko watoto wangu wanavyonisemesha. Mwaka huo mama yake alijifungua mwezi wa tano, ufuta umeshakomaa shambani, na nyumbani mikono ya kufanya kazi ilikuwa miwili, yangu, na hiyo yenyewe mmoja unauma.

Ufuta ninyi mnaujua kwenye kashata. Mimi naujua ukiwa mti. Ufuta haungoji mtu. Ukikauka kabla hujaukata, vitumba vinafunguka vyenyewe na mbegu zinamwagika chini, unabaki na fimbo. Kwa hiyo unaukata ungali na ubichi kidogo, unafunga matita, unayasimamisha yakauke, halafu ndiyo unayageuza juu ya turubai na kuyapiga. Ukichelewa wiki moja, umewalimia ndege.

Nikamtumia salamu mwanangu wa kiume anayekaa Mbekenyera, mjomba wa mtoto. Kwetu mtoto ana mjomba kwanza, baba baadaye. Na baba wa huyu yupo Ruangwa mjini na nyumba nyingine, hilo tuliache lilivyo. Mjomba akaja kwa bodaboda, mikono mitupu, mundu hana, sabuni ya dada yake aliyejifungua hana. Akakaa, akala ugali na mbaazi, akasema tatizo nimelielewa.

"Mtoto asaidie," akasema.

"Ana shule," nikamwambia. "Sasa hivi utoro wanaufuatilia. Mzazi anaitwa kwa mtendaji wa kijiji, mtoto anafutwa jina."

Akamgeukia mpwa wake. "Mama, kwani majina wanaita saa ngapi?" Wapwa zake wa kike anawaita mama, ndiyo heshima yetu.

"Saa moja na nusu, mjomba. Tukitoka mstarini, mwalimu wa darasa anaita, anatia tiki."

"Anatia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa siku nzima?"

"Kwa siku nzima."

Mwanangu akapiga paja. "Mara moja! Sasa mnalia nini? Asubuhi anakwenda, anaitwa, anaitika, anahesabiwa. Saa mbili anapita kwenye ua wa michongoma, saa mbili na nusu yuko shambani. Mtoro yuko wapi hapo? Daftari linasema yupo!"

Mtoto akasema, "Mjomba, na vipindi je?"

"Vipindi utasoma kwenye madaftari ya wenzio. Maandishi si ni yale yale?"

Mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nilisema mwanangu huyu angesoma angekuwa mbunge. Nayaandika haya ili msije mkadhani bibi yenu alikuwa pembeni anakataza. Niliona ni jambo la haki kabisa: shule inataka ionekane sura ya mtoto, sura imeonekana, wamepata chao, sasa watupe na sisi chetu. Tuliifanya shule msiba.

Basi ikawa hivyo wiki tano. Asubuhi anatoka na sare, shati jeupe, sketi, viatu vimepigwa kiwi. Saa mbili na nusu namwona anakuja kwa njia ya nyuma, sare kaikunja kwenye mkoba, kavaa gauni la shambani. Namtania, "Karibu mke mwenzangu, msiba umeuachaje?" Ananijibu, "Wazima wote, bibi, wanakusalimu." Tunakata mpaka jua linatuchoma utosi. Kiranja wa darasa lao alikuwa rafiki yake. Kwenye karatasi ya vipindi, ile kiranja anayoandika wasiokuwepo kila kipindi, alikuwa hamwandiki. Na walimu? Mwalimu mmoja ana watoto sabini mbele yake, akikosekana mmoja anaona nafasi ya kupumulia.

Jioni anakaa na madaftari ya wenzie. Anaandika mistari miwili, kichwa kinaanguka. Niliona. Nilimfunika kanga, nikasema amechoka, atasoma kesho. Kesho tulikuwa shambani.

Halafu ukaja mkutano wa wazazi. Mama yake alikuwa na kichanga, nikaenda mimi, na kanga mpya. Mjomba naye akaja kutoka Mbekenyera, maana kwenye mkutano kuna pilau. Mkuu wa shule akasimama akahutubia juu ya utoro. Akasema utoro unatuua, utoro ni adui, wazazi wa huku ufuta ukikomaa mnawaficha watoto. Wazazi tukatazama chini kama watu wema. Halafu akasema, lakini wapo wa kupigiwa mfano, wasiokosa hata siku moja tangu muhula uanze. Akasoma majina manne. La tatu ni la mjukuu wangu.

Watu wakapiga makofi. Mjomba akasimama kabisa, akapiga makofi mikono iko juu ya kichwa. Mimi nikapiga kigelegele. Ndiyo, nilipiga. Mtoto akaitwa mbele kupokea kaunta buku, daftari lile nene, akatembea kama anapelekwa kuchapwa. Nikadhani ni haya za kike.

Baada ya hapo tukaambiwa kila mzazi apite kwa walimu wa masomo akaone maendeleo. Tukaanza na mwalimu wa baiolojia, kijana, miwani, hana hata mvi moja, ameletwa hapo ufuta ukiwa umeshakomaa. Namwambia nimekuja kwa fulani. Anapekua. Anamtazama mtoto. Anapekua tena.

"Bibi, samahani, huyu ni mwanafunzi wa hapa?"

"Mwalimu, hujasikia jina lake limetangazwa sasa hivi?"

"Nimesikia. Ila mimi sura yake nimeisahau."

Akanigeuzia daftari lake. Wiki zile tano zote, mbele ya jina la mtoto kulikuwa na vimstari. Wenzie wana namba, thelathini na nane, sitini na moja, hata kumi na mbili wapo, yeye vimstari. Jaribio la kwanza kimstari, la pili kimstari, la vitendo kimstari. Tukaenda kemia, vimstari. Hesabu, vimstari. Kwa mwalimu wa kilimo nikasema, hapa angalau tutapumua. Mwalimu yule akatutoa nje akatuonyesha bustani. Kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake la mchicha, na alama anapewa kwa tuta. Matuta ya wenzie yamekaa kijani. La mjukuu wangu lilikuwa udongo mkavu na kibao chenye jina lake.

"Hajamwagilia wiki tano," mwalimu akasema. "Sifuri. Huyu kilimo hakipendi."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtoto ana malengelenge ya mundu viganjani, amekata robo tatu ya ufuta wa nyumba yetu, anapata sifuri ya kilimo.

Mwisho tukaingia kwa mwalimu wa taaluma, anayesimamia alama zote, mwanamke mtu mzima kiasi, sauti ndogo, macho hayachezi. Nikamwambia, "Mwalimu, nieleze mimi mjinga. Mtoto huyu mmempigia makofi kwamba hakosi. Sasa hizi alama zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote, bibi. Hazijawahi kuja." Akamtazama mtoto. "Ulikuwa wapi?"

Mtoto akasema ukweli wote, kwa sauti ya kupotea. Mjomba akaanza kutazama dari.

"Basi ni hivi," mwalimu akasema. "Kuitika jina kunamfanya asifutwe. Alama ni kazi yake. Mazoezi, majaribio, kazi za vitendo, zote tunazituma kwa wanaosimamia mtihani wa taifa, zinajumlishwa na mtihani wa mwisho. Zake zisipokwenda, atafanya mtihani kama wenzie, lakini matokeo yake hayatakamilika. Chuo cha uuguzi hakitamwangalia."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Na ninyi mnaita majina ya nini, kama hamjui aliyeitika amekwenda wapi? Mimi kuku wangu nawahesabu asubuhi na jioni, na sina diploma. Mnahesabu watoto asubuhi, mnafunga daftari, mnakunywa chai. Mkaguzi akija mnamwonyesha tiki. Mmempa zawadi mtu ambaye mwalimu wa baiolojia anauliza kama ni wa hapa!"

Mwalimu hakukasirika. "Ni kweli, bibi. Hapo tumekosea, na kiranja nitamshughulikia. Lakini sisi tulihesabu vibaya bila kujua. Aliyekuwa anajua kila siku alipo alikuwa nani?"

Nikaanza kufunga upya kanga yangu mpya. Nina miaka yangu mingi, nimewanyamazisha wanaume kwenye mabaraza, siku hiyo nilikaza macho kwenye fundo la kanga.

Mjomba akadakia, maana wajinga hawakosi neno. "Mwalimu, si umwandikie hata hamsini hamsini? Mtoto ana nidhamu."

"Baba, nikiandika hamsini, siku akimchoma mgonjwa sindano, hiyo hamsini itamsaidia nani?"

Halafu akatoa karatasi. Akasema zimebaki wiki tatu kabla ya kutuma alama. Kila mwalimu atampa kazi alizokosa na majaribio aliyokosa. Atabaki shuleni kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi pia, na tuta la mchicha ataanza upya. Kila mwalimu atatia sahihi kwenye karatasi ile. Ikikosekana sahihi ya mmoja, hatumi. Akampa mtoto karatasi mkononi, mimi hakunipa. Alikuwa ameshaniona mimi ni mtu wa namna gani.

Tulirudi nyumbani. Mtoto alikwenda jikoni akakaa karibu na mama yake anayenyonyesha, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Mimi nikaenda kutazama shamba. Ilibaki kama robo haijakatwa, na vitumba vya chini vilikuwa vimeanza kupasuka. Ukitikisa mti unasikia mbegu zinaanguka. Matita mengine yalikuwa tayari kupigwa. Niliporudi, nikamkuta mjomba ameshaweka mkeka barazani, ameshapata akili nyingine.

"Mama, siku nne tu. Mtoto amalize robo ile siku nne, halafu aanze hizo sahihi. Wiki tatu ni nyingi."

"Siku nne," nikasema.

"Nne. Tena Jumatatu anaweza akaitika jina kwanza, halafu..."

"Maliza."

Akaanza kuchokonoa ukindu wa mkeka.

Mtoto akatoka jikoni. "Bibi, mimi naweza vyote. Nitaamka alfajiri nikate mpaka saa kumi na mbili, nikaoge, niende. Jioni nikirudi nipige yaliyokauka. Ufuta ukimwagika ni njaa yetu sote." Akasema hivyo na macho mekundu ya usingizi, na mjomba wake akamwitikia kwa kichwa, safi mama, huyo ndiye mtu.

Nilimtazama mwanangu yule, kitambi kilivyokaa vizuri, viganja laini kama vya imamu. Nikajitazama na mimi. Wiki tano tumemtuma mtoto akapeleke sura shuleni na mwili shambani, na sasa anajitolea kujikata vipande vitatu ili sisi tukae mkekani. Na wa kwanza kucheka wazo lile nilikuwa mimi.

Nikaingia ndani nikatoa mundu wa mtoto, nikauweka kwenye mapaja ya mjomba wake.

"Sikilizeni nyote," nikasema. "Wewe Mbekenyera hurudi. Kesho alfajiri unakata, na mimi nakata na huu mkono wangu mbovu, mpaka robo ile iishe au imwagike. Wewe mama mtu, mtoto akitoka shule usimtume hata maji. Na huyu binti, kuanzia leo mpaka mwalimu wa mwisho atie sahihi, marufuku mtu kumwita shambani, hata nikiwa nimeanguka huko. Nikianguka, niokoteni ninyi."