Vikombe vya Shaba vya Karakana Yetu

Nilirudi Ifakara miaka ya tisini na stashahada ya ufundi mitambo niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, nikaripoti karakana ya bunduki za askari wa wanyamapori. Mkuu wa Karakana aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akaniambia vikombe vimekwisha.

Vijana wa leo hawavijui. Vichwa vya risasi tulivisubu wenyewe kwa madini laini ya betri chakavu. Moto wa baruti huyayeyusha madini hayo, yakaganda ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikapotea njia. Ndiyo maana kitako cha kila kichwa huvalishwa kikombe kidogo cha shaba cha kuzuia moto.

Nilichonga kibonyezo cha kuundia vikombe kutoka ekseli ya gari bovu, nikaanza kukata bamba la shaba. Pale karakana hakuna aliyewahi kuthubutu. Lakini vikombe vyangu vilipasuka kingo, na kwenye majaribio vikabanduka, risasi zikaenda pembeni.

Wakati huo kiboko aliyejeruhiwa alikuwa kwenye mpunga wa Mchombe, na watu walikuwa hawaingii mashambani. Bwana Nyama, ofisa wa kuwinda wanyama waharibifu, alisubiri risasi zangu. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyezitengeneza husimama nyuma ya mpigaji.

“Keshokutwa utakuwa mgongoni kwake, Bwana Stashahada,” Mkuu alisema. “Mbio unazo?”

Nilikwenda Kibaoni kwa mzee mmoja Mpogoro, mtengeneza bangili za shaba. Alikiangalia kikombe kilichopasuka, akaniambia niichome shaba mpaka iwe nyekundu, niitumbukize majini, ndipo niibonyeze. Nilicheka. Nilimweleza kuwa kufanya hivyo ni kuifanya iwe ngumu zaidi, vitabu vimesema.

“Hicho ni chuma, mwanangu. Shaba haijasoma kitabu chako.”

Niliudhika, ila nilimkumbuka kiboko. Nikaichoma, nikaitumbukiza. Ilitoka laini kama ngozi iliyolowekwa, na vikombe ishirini vikakaa bila ufa hata mmoja.

Mchombe tulifika asubuhi. Mnyama alitokea kwenye mpunga, karibu kuliko nilivyotaka. Bwana Nyama hakugeuka.

“Umevivalisha vizuri?”

Nilijibu ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akafyatua mara moja. Kiboko akapiga magoti, akalala kwenye tope. Bwana Nyama akashusha bunduki.

“Sasa unaweza kuachia mkanda wangu,” akasema.

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Karakana, na bunduki za bonde zima zimepita mikononi mwangu. Siku ya kuagwa nilihutubia kwa muda mrefu juu ya vikombe vile, nikapigiwa makofi. Habari za Kibaoni niliziruka. Bwana Nyama ametangulia, mzee wa bangili naye ametangulia, na nisipoandika mimi, hakuna aliyebaki wa kuwaambia ni nani aliyenifundisha.