Gauni Linalotembea

Muuza magauni ya mitumba pale sokoni Kiborloni hatundiki kitu. Akishafungua belo asubuhi, anavaa gauni moja juu ya nguo zake na kuanza kulitembeza, na likipata mtu analivua hapo hapo, anavaa jingine. Yeye mwenyewe ni mwembamba, kila kitu kinampwaya, ndiyo maana hakosi khanga kuukuu begani. Mteja akifika, anamwangalia mara moja kuanzia mabegani, kisha anajijaza khanga tumboni au makalioni mpaka afanane naye. Mwenye maringo anatembezewa kwa maringo.

Jumamosi moja alikuja bibi wa Kibosho mwenye kibiongo, anatafuta gauni la kwenda nalo kwenye ubatizo wa kitukuu chake.

"Shikamoo, mae," muuzaji akamwamkia, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Usijisumbue, mwanangu. Magauni yote yananipanda nyuma."

Muuzaji alijifunga khanga mgongoni ikatuna, akavaa gauni la bluu lenye marinda, akainama, akatembea polepole, mkono kiunoni, kidevu juu, kama mtu anayeingia kanisani akijua anatazamwa. Wauzaji wa jirani wakageuka kutazama. Hata mimi, mwenye meza ya viatu pembeni yake, nilidhani leo amemtukana mkubwa. Bibi akamzunguka, akashika pindo la nyuma, akalilinganisha na la mbele. Yalikuwa sawa. Hapo kicheko kikamtoka mpaka akaegemea meza yangu.

"Kumbe ndivyo ninavyopendeza!" akasema. "Haya, livue upesi, usije ukanichakazia."