Marashi ya Adau Muuza Mashuka

Kambini Kakuma, kumtafuta Adau hakukuhitaji macho. Pua ilitosha. Atabo, mama Mturkana aliyeleta makaa sokoni kila asubuhi, alikuwa akitua gunia lake, ananusa hewa, na kusalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Adau," kabla huyo Adau mwenyewe hajatokeza na furushi lake la mashuka ya kudarizi kichwani.

Yalikuwa marashi ya ajabu. Akijipaka tu, ni maua: waridi na yasmini, utadhani bibi harusi anapita. Lakini ngoja jua la Turkana lipande. Maua yalirudi nyuma, ikabaki harufu ya ngozi, ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, kavu, kali, na haikutoka mpaka jioni. Na mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ni karibu dada, shika uone, kitambaa laini. Jaribu sasa kumchezea. Jamani! Siku moja askari alimwambia aondoe meza yake barabarani. Adau alimwondoa yeye, kwa maneno matupu, mpaka ng'ambo ya barabara, na soko zima likapiga makofi.

Aliyemletea marashi hayo ni mumewe, Makur. Tangu mwaka 2012 Makur alikuwa amerudi Sudan Kusini kufanya biashara huko Bor, na kila alipokuja nyumbani kupitia mpakani Lokichoggio, chupa ilikuwa mfukoni. "Nilikunusa dukani," alikuwa akimwambia mkewe, "nikaona nikununue." Adau alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Mwanamume gani humletea mkewe harufu ya zizi? Na huku anasema hivyo, ameshajipaka shingoni.

Kisha Desemba ya 2013 vita vikalipuka Juba, vikafika Bor, na simu ya Makur ikanyamaza.

Adau aliogopa. Tena tusiseme "alikuwa na wasiwasi", maana huo ni ugonjwa wa wenye nafasi. Aliogopa mpaka mikono ikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Simu ikilia, ni afadhali isingelia. Isipolia, ni afadhali ingelia. Bombani, ambako wanawake walikuwa wakigombea zamu za mitungi huku wanataniana, kulinyamaza. Wadinka kama yeye huku, Wanuer kule, maana vita vilikuwa vimewagawa, kila mmoja anaogopa habari za watu wake, na anaogopa zaidi macho ya mwenzake. Huyo Adau wa kumhamisha askari sasa alichota maji kichwa chini, akarudi kwake mbio kama mwizi.

Marashi nayo yalikuwa yameisha. Chupa tupu aliiweka ndani ya kikapu, chini ya nguo za mtoto. Alikuwa akiifungua na kunusa, halafu anaifunga haraka, kwa hofu kwamba hata hicho kidogo kilichobaki kitakwisha.

Na hofu haikai kichwani tu. Ilimshuka kifuani. Mtoto wao Makuei, kichanga ambaye baba yake alikuwa bado hajamwona, alinyonya, akaachia, akalia kwa hasira. Akarudishwa kwenye titi, akalia tena. Kliniki muuguzi alimwambia Adau anywe maji kwa wingi na atulize moyo. Atulize moyo! Kwani moyo ni mtoto, umfunge mgongoni umbembeleze? Mbavu za Makuei zilianza kuonekana. Mama mkwe wake, bibi Nyandeng, aliyeishi nao, alikuwa akimwogesha mjukuu wake, akizipapasa zile mbavu.

Krismasi ikapita, ndipo akaja Mou, mdogo wake Makur, amejaa vumbi, na chupa mkononi.

"Shemeji," alisema, "kaka ametuma. Kuna dereva ametoka huko. Makur alivuka mto na watu wengine, yuko salama, ila simu hana."

Adau alikaa chini pale pale mchangani akicheka na kulia kwa pamoja, akaipasua nailoni ya chupa kwa meno. Ni yenyewe. Maua, na nyuma yake ngozi. Nyandeng alipiga kigelegele, kifupi, akaingia jikoni. Jioni hiyo Makuei alinyonya mpaka akalala na maziwa kidevuni.

Jumapili Adau alikwenda kanisani ananukia, akaimba kwa sauti yake yote, na waliokaa karibu naye wakasema, haya sasa, mwenyewe amerudi.

Baada ya ibada simu ililia. Alikuwa Jerotich wa Lodwar. Jerotich alikuwa mtumishi wa serikali, na marashi aliuza pembeni tu, bila duka, yakiwa ndani ya mkoba wake wa kwendea kazini. Urafiki wao ulianzia kwenye nyuzi, maana Adau alikuwa akienda Lodwar kununua nyuzi za kudarizia.

"Mama Makuei! Aki niambie, marashi yalikupendeza?"

"Marashi gani?"

"Haya, jifanye hujui! Huyo Mou wenu amenizungusha Lodwar nzima na chupa yako tupu, duka kwa duka, jua linatuchoma. Tukakosa. Ikabidi dada yangu Eldoret ayatume kwa basi. Mou alinikataza kukuambia, eti ni zawadi yako ya Krismasi, lakini mimi na siri unatujua."

"Yamenipendeza," Adau alisema. "Asante, dada."

Alikata simu, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu. Alitoa nguo za mtoto moja moja. Chupa tupu haikuwemo, na aliyejua mahali pake ni yeye na Nyandeng, basi.

Baridi ilimwingia, kwenye lile joto. Alikumbuka zizi la baba yake. Ng'ombe akifiwa na ndama anazuia maziwa, kwa hiyo baba alikuwa akimchuna yule ndama, anaikausha ngozi, anaishindilia majani, anaipaka chumvi, anaiweka mbele ya mama yake. Ng'ombe anainusa, anailamba, na maziwa yanashuka. Kwa wazee wa Adau, mama anayenyonyesha naye haambiwi msiba hivi hivi, maziwa yasije yakakauka, mtoto akamfuata marehemu.

Alisimama na kile kikapu. Angeweza kunyamaza. Asipouliza, Makur yuko ng'ambo ya mto, mzima, hana simu tu. Akiuliza, atampoteza kwa neno moja, na pengine mtoto pia. Haki ya Mungu, alitaka kunyamaza. Alijipangia kabisa: nitajipaka, nitakwenda sokoni, nitacheka.

Nje Nyandeng alikuwa akipepeta mtama huku anamwimbia mjukuu aliyelazwa kivulini. Katikati ya wimbo sauti ilimkatika. Akajikohoza, akaanza tena kwa nguvu, kwa uchangamfu wa uongo. Adau alisikia, na hapo ndipo lilipomwingia jambo ambalo kwa hofu yake yote alikuwa hajaliwaza: kwamba Makur ana mama.

Alitoka nje, akapiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, Makur yuko wapi?"

Mikono ya Nyandeng ilisimama. Hakuinua macho.

"Mwanangu," alisema, "mnyonyeshe mtoto kwanza."

Ikawa hilo ndilo jibu.

Adau alimchukua Makuei. Kifungo cha gauni kilimshinda, akalivuta tu likachanika. Mtoto alishika titi, akanyonya, akanyonya. Hakuna kitu. Akaachia, uso ukaanza kukunjamana. Adau alihisi hofu ambayo ile ya kwanza yote haikufua dafu mbele yake. Mungu wangu, si wote wawili. Alimrudisha kwenye titi, akafumba macho, hakuomba kwa maneno, hakumwaza Makur, aliwaza mdomo ule mdogo tu, ushike, usiache.

Kifua kilimchoma, kikawasha. Akainamisha sikio karibu na koo la mtoto. Alingoja mpaka akawa na hakika.

"Mama," alisema, "anameza. Mlilie mwanao sasa."

Nyandeng aliuweka ungo chini, akajitanda shuka usoni, na majirani wote wakamsikia.