Mchanga wa Kombe la Tatu

Niliuonja mchanga ule, nikausikia una chumvi, kisha nikasema sawa.

Msimamizi wa majengo wa chuo alikuwa amesimama kando yangu, mkono kiunoni, akitazama rundo jeupe lililomwagwa na lori asubuhi ile kutoka ufukweni. Mvua ilikuwa imekata njia ya Sabaki, mchanga wa mto haufiki, na baada ya miezi mitatu fainali ya mpira wa kikapu ingechezwa kwetu Malindi. Kiwanja kilitaka sakafu mpya. Nilimwambia kwamba mchanga wa pwani huoshwa kwanza, au huachwa unyeshewe msimu mzima.

"Fundi," akaniambia, "wasichana watacheza juu yake, hawatautia kwenye mchuzi."

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka, na kwa kicheko hicho nikawa nimekubali.

Kuonja mchanga nilifundishwa na marehemu baba, aliyekuwa fundi kabla yangu. Unachukua chembe chache kwa ncha ya kidole, unaziweka ulimini. Ukisikia chumvi, unaukataa mzigo, hata kama mwenye kazi amenuna. Chumvi huvuta unyevu, na sakafu ikishavuta unyevu hutoa unga mweupe. Hilo nililijua tangu sijaota ndevu.

Timu ile ya wasichana niliijua tangu haina kiwanja. Walicheza juu ya udongo mwekundu, kikapu kimefungwa kwenye nguzo ya simu, na mpira ukigonga jiwe ulikimbilia kwenye mkonge. Mwaka wa kwanza walifungwa mpaka wapinzani wakawaonea huruma. Hawakuacha. Alfajiri nikipita kwenda kazini nawakuta wameshalowa jasho, wanarudia mtupo ule ule kana kwamba wameuapia.

Nilipowajengea kiwanja cha kwanza, kwa mchanga safi wa mto, walikuja kunitazama wakaniona naonja. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mrefu, mwembamba, kutoka Adu, akauliza kwa heshima kabisa: "Shikamoo babu. Umekolea, au tukuletee ndimu?" Tangu siku hiyo nikawa Babu Mla Mchanga. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Wengi huniita babu kwa ajili ya mvi zangu. Yeye aliniita kama mtu aliyekuwa akinitafuta.

Walikuwa timu ya kutazamwa. Yule wa Adu hakuwa na mbio kuliko wenzake, wala hakuwa hodari wa kufunga kuliko wote, ila alikuwa na jambo ambalo sijaliona kwa mchezaji mwingine. Mwenzake akikosea, akapoteza mpira, yeye hakumkemea. Mpira uliofuata alimpa yeye yule yule. Nimewaona wasichana waliokuwa karibu kulia wakifunga kwa sababu ya mpira huo wa pili.

Walichukua kombe la kwanza Mombasa, mbele ya watu waliokuja kuwacheka. Waliporudi walipitia kwangu Gede, mke wangu akalijaza kombe kaimati, wakala humo humo wakigombania ya mwisho. Mwaka uliofuata yule wa Adu alikuwa nahodha, wakashinda tena, kaimati zikajaa tena. Ikawa ada. Na kanuni ya mashindano ilikuwa kwamba timu ikilichukua kombe mara tatu mfululizo, halirudishwi. Ndiyo maana fainali ya tatu ilikuwa kubwa kwao, na ndiyo maana sakafu ilifanyiwa haraka.

Sakafu ilitoka nzuri, msimamizi akanipa mkono. Hewa ilipoanza kuwa na unyevu, unga ukatokeza. Nilianza kuja mapema na ufagio kabla ya wachezaji. Nahodha alinikuta siku moja akataka kunipokea ufagio. Nikamwambia ni vumbi tu.

Siku ya fainali nilifagia mara mbili. Katika robo ya tatu tulikuwa tukiongoza. Nahodha alipokea mpira pembeni, akasimama ghafla ili ageuke, mguu ukateleza kama uliokanyaga sabuni. Goti lake nililisikia kutoka nilipokaa. Wapinzani wetu, wasichana wa Mombasa, wenyewe ndio waliombeba mpaka kwenye gari. Tulishindwa kwa kikapu kimoja.

Jioni kocha aliwaambia wote kwamba nahodha alionywa kuhusu viatu vyake vilivyolika, hakusikia. Maneno yakaenea chuo kizima kuwa kombe la tatu limepotezwa na viatu vya nahodha. Yeye aliamini. Aliwaandikia wenzake barua ya kuwaomba radhi, ikasomwa pale kiwanjani, nami nikiwa nimesimama na ufagio wangu mkononi. Ilipokwisha nikaendelea kufagia. Nyumbani kaimati zilikuwa zimelala kwenye sinia, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Goti lilipasuliwa, lakini hakucheza tena. Alimaliza masomo, akarudi Adu kufundisha shule ya sekondari. Miaka miwili ilipita kabla sijapata ujasiri wa kumfuata. Nilimkuta anafundisha wasichana kutupa mpira kwenye kiwanja cha udongo, ameketi kitini. Alinyanyuka kwa furaha. "Shikamoo babu." Nilimweleza yote tukiwa tumesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapunguza.

Akauliza moja tu.

"Uliuonja?"

"Niliuonja."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

Aliniletea maji mwenyewe, akichechemea. Hakunifokea. Nami, Mungu anisamehe, nilikaa nikingoja mpira wa pili. Aliponisindikiza hadi barabarani aliniambia, "Safari njema, mzee."

Kesho yake nilikwenda kwa kocha, nikarudia maneno yale yale. Kwa haki yake, aliwakusanya wachezaji akalisafisha jina la nahodha mbele yao. Sakafu ikavunjwa, fundi mwingine akamwaga mpya. Timu imechukua kombe tena tangu hapo, na inacheza vizuri kuliko zamani. Basi lao hupita Gede bila kusimama, wala siwalaumu.

Yeye nikikutana naye sokoni Malindi hunipa shikamoo, huniuliza hali ya mke wangu, hata kapu langu hunibebea. Lakini huniita mzee, kila mara mzee. Ile sawa yangu ilimpokonya yeye goti na kombe la tatu. Mimi ilinipokonya mjukuu pekee niliyepata kuwa naye.