Vizibao vya Mama Zetu

Nilipofungua sanduku la bati, harufu ya uvundo ilinipiga usoni. Vizibao vya ngoma yetu, vya kaniki vilivyotiwa shanga na kauri, vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Niliinua kimoja, shanga zikamwagika sakafuni. Nyuzi zilikuwa zimeoza. Kosa lilikuwa langu. Baada ya ngoma ya mwisho nilivifua kwa sabuni ya unga, nikavifunga kwenye mifuko ya nailoni kabla havijakauka.

Wazazi wetu walitoka Dodoma kuja kukata miwa huku tambarare, kusini mwa Moshi, na vizibao hivyo kumi na viwili walivishona mama zetu. Goti langu liliponizuia kucheza, kikundi kilinipa kazi ya kutunza mavazi, nisijione nimetupwa. Sasa zilibaki siku tisa tukacheze kwenye mji wa Mkuu.

Mwenyekiti wetu alikuja, akatazama, akashika kiuno.

"Hivi ni vya kuchoma moto. Kesho naenda sokoni Moshi, nachukua satini, fundi anashona siku mbili."

"Nipe wiki moja."

"Utafanya nini na vitu vilivyooza?"

"Bado sijui. Ila usinunue kitu."

Mke wangu aliwahi kufanya kazi Kilema, akanikumbusha kwamba kwenye misheni ya huko kuna mama anayetunza mavazi ya mapadre. Kesho yake asubuhi nilipanda huko mlimani na kizibao kimoja ndani ya boksi. Nilimkuta akipiga pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umebeba nini?"

Alikilaza mezani, akakinusa.

"Ulifua?"

"Nilifua."

"Ukaweka kwenye nailoni?"

Niliitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Alifungua kabati, akanionyesha joho la ibada lenye nyuzi za dhahabu, la zamani kuliko yeye mwenyewe. "Huku mvua na baridi haziishi, na hili lipo. Nguo ya namna hii haifuliwi. Anika kivulini penye upepo, juani itakakamaa. Ukungu ukikauka, toa kwa brashi laini, nje, umejifunga pua. Na shanga zilizoanguka ziache kwanza. Anza na zinazoning'inia."

Nilimwomba arudie, nikaandika yote nyuma ya risiti.

Wiki ile nilikuwa naingia zamu ya mchana kwenye kiwanda cha sukari, hivyo kila asubuhi ilikuwa ya vizibao. Nilivitandaza barazani juu ya mkeka. Walipochoma shamba la miwa jirani, masizi yalianza kushuka, nikaviingiza vyote ndani mbio, goti likilalamika. Nilivipiga brashi laini ya kuchania nywele za mtoto, taratibu, mstari kwa mstari. Wachezaji wawili walikuja kunisaidia kutunga shanga. Vidole vyangu vilijaa matundu ya sindano.

Vinne vilinishinda. Kaniki ilichanika chini ya brashi kama karatasi iliyolowa. Kimoja kati ya hivyo alikishona mama yangu. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu, nikitazama alivyopanga zile nyekundu na nyeupe. Kisha nilichukua wembe, nikakata nyuzi zilizobaki, nikazimimina shanga zake bakulini. Zilitosha kuziba mapengo ya vizibao vitatu.

Siku ya saba mwenyekiti alivihesabu.

"Vinane. Na wale wanne wengine?"

"Wapige ngoma. Mpigaji haangaliwi nguo."

Alicheka, akakubali.

Huko Mkuu watu walitushangilia, nami sikuiona ngoma. Macho yangu yalikuwa kwenye mishono. Uzi mmoja tu ulikatika, begani kwa binti aliyeongoza, naye akazibana shanga kwapani, akaendelea kucheza bila kukosea hatua.

Walipomaliza walikimbilia chakula.

"Vueni kwanza," nilisema.

"Mzee, tuna njaa!"

"Vueni. Hakuna anayekula wala kupanda gari na kizibao."

Walinuna, lakini walivua, vikiwa vimelowa jasho. Nilipofika nyumbani nilivitandaza kivulini siku tatu nzima, nikivigeuza asubuhi na jioni. Baadaye nilivikunja kwa kuviviringisha, kila kimoja ndani ya kipande cha shuka kuukuu la pamba, nikaliinua sanduku juu ya matofali manne. Nalifungua kila Jumamosi, nikinusa kwanza kabla ya kugusa.