Mlango wa Shemeji Yangu

Mlango ule shemeji yangu aliutengeneza kwa mikono yake, na siku anaupachika nilikuwepo. Alikuwa ndiyo kwanza amemwoa mdogo wangu, wamepata chumba cha kupanga Kibiti, nyuma ya soko. Chumba kilitazama uani, na mahali pa mlango palikuwa na kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole wa maneno, akamwambia, "Wewe si fundi? Weka mlango unaoutaka, tutakatana kwenye kodi."

Shemeji akacheka. "Mzee, mlango wa mke wangu sikatani na mtu."

Akanunua mbao Ikwiriri, akaranda pale uani mpaka wapangaji wakalalamikia takataka za randa kwenye vyakula vyao, akatia na komeo la chuma. Mimi nilikuwa napita tu, kama kawaida yangu. Nimepanga vyumba Kilwa, Lindi, Mtwara na Morogoro, na sikumbuki hata kimoja nilichokaa mpaka nikajua bati lake linavuja wapi. Nikiulizwa kwetu nasema Mbuchi, lakini nyumba tuliyozaliwa kule delta maji yalishaichukua siku nyingi. Ile haikuwa na kodi wala notisi. Mtu alikata boriti kwenye mikoko, akajenga, akakandika, akakaa. Kila ninapokabidhiwa ufunguo wa chumba cha mtu, naikumbuka harufu ya udongo wa nyumba ile.

Shemeji alifariki katikati ya masika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nikaja kutoka Kilwa, tukazika, na mdogo wangu akaingia eda mlemle chumbani. Miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote anayeweza kumwoa, na nyumba anayokalia eda ni ile aliyoishi na mumewe. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kushika mambo kwa ukali. Hili alilishika kama mtu anavyoshika ubavu wa mtumbwi uliopinduka.

"Sikumuuguza vizuri, kaka," aliniambia, ingawa alimuuguza vizuri sana. "Hili nitamfanyia hadi mwisho. Humuhumu."

Mwaka ule mto ulifurika. Mashamba ya bondeni yalizama, watu wakapanda Kibiti na magodoro vichwani, na vyumba vikaisha mji mzima. Mwenye nyumba naye akapokea wake. Alinikuta uani nachota maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kodi aliyolipa marehemu inaishia mwezi huu. Usilete nyingine. Nataka chumba."

"Mzee wangu, mjane yuko eda."

"Najua. Ubani si nilileta mimi? Lakini binti yangu katoka kwenye maji na watoto watatu. Wanalala ukumbini, njiani kwa watu. Juzi mmoja kakanyagwa mkono na mpangaji anayewahi msikitini. Nao ni watu."

"Nikulipe zaidi?"

"Ningekuwa nataka pesa ningesema pesa."

Nilizunguka Kibiti nzima kutafuta chumba cha binti yake, maana cha mdogo wangu nisingethubutu kukitafuta. Kila nilipobisha, dalali alinitazama kama mtu anayeulizia embe msimu umepita. Mmoja alinionyesha banda la kuku. Nikamwuliza kuku watakwenda wapi, akasema, "Wataelewana na wapangaji."

Jioni moja nilirudi kutoka kwenye kuhangaika huko nikaona mwanga uani ambao haukuwa wa kawaida. Ulikuwa unatoka chumbani kwa mdogo wangu. Mlango haukuwepo. Fremu imebaki na matundu ya bawaba, na ndani yeye amejikunyata pembeni, uso ukutani, kajifunika kanga mbili juu ya nguo zake za eda. Wapangaji wanaume walikuwa uani wakijifanya wanatazama mawingu.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "funga."

"Nifunge nini?"

"Funga tu. Wananiona."

Nilitafuta cha kutundika, misumari ikiniponyoka. Mwisho nikaketi kizingitini, mgongo kwake, mabega yakigusa fremu huku na huku. Sikuwa na kingine. Nilikaa hivyo mpaka mpangaji jirani, mama mwenye kuuza vitumbua, akaleta shuka.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mzee akaitwa. Watu walijaa barazani, kama kawaida ya jambo lisilowahusu.

"Mzee," mwenyekiti alianza, "mpangaji hatolewi kwa kung'oa mlango. Unampa notisi. Akikataa, unashitaki, unasubiri. Hilo unalijua, umepangisha tangu mimi navaa kaptula."

"Kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba," mzee akajibu. "Na nyumba ni yangu."

"Mlango aliutengeneza nani?"

 Mzee angeweza kusema uongo, kwani maandishi hayakuwepo na fundi mwenyewe tumemzika. Aliangalia viatu vyake.

"Marehemu," alisema. "Hata kukatana alikataa. Lakini fremu ni yangu."

"Basi wao wafunge mlango, wewe ufunge fremu!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka. Mimi na yule mzee hatukucheka.

Mwenyekiti akaamua mlango urudi siku ileile. Nikashusha pumzi. Kisha akaendelea: "Lakini chumba ni chake na muda mliokubaliana umekwisha. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Nikapiga hesabu kichwani. Eda ilikuwa inapita hapo wiki kadhaa.

"Mwenyekiti, ongeza kidogo. Nakuomba."

"Nikiongeza, bwana, wale watoto niwalaze wapi? Ofisini?"

 Nilikwenda kwa shehe, akaniambia hiyo ni dharura, mjane aliyenyimwa nyumba huhama bila dhambi na humalizia eda kwingine. Nilimpelekea mdogo wangu jibu hilo nikidhani nimebeba dawa.

"Shehe hajalala humu," alisema, akageukia ukuta.

Siku ya kuhama, binti wa mwenye nyumba aliingia kumsaidia kufunga vitu. Nilisikia wakikunja nguo pamoja. Nje bajaji ya mizigo ilikuwa inasubiri kwenye manyunyu, turubai limefungwa pande zote ili mdogo wangu asionekane. Tulikuwa tunakwenda Mbwara kwa mama, ambaye tangu maji yaichukue nyumba ya Mbuchi anaishi na mjomba, amepewa pembe ya ukumbi.

Mzee alinivuta kando. "Mwanangu, mlango uacheni. Nitaulipia. Watoto hawa watalala wazi."

Nilitazama wale watoto, wameketi kwenye godoro lao lililokunjwa, mkubwa ameshika sufuria. Nikamtazama mdogo wangu. Yalionekana macho tu.

"Ng'oa, kaka."

Nikashika bisibisi. Kila skrubu iliyotoka niliona aibu, na nisingeweza kuacha. Nilidhani binti wa mzee atanilaani. Akaenda nyuma ya choo, akaokota lile bati la zamani, akalisimamisha fremuni.

"Mwache, baba," alisema. "Ungekuwa wa mume wangu, ningeubeba kichwani."

Mbwara mama alituona tunashusha akashika kiuno. "Haya, na mlango wote huo utaulaza wapi? Hapa hata mimi nalala kwa ubavu."

Haukuingia kwenye uwazi wowote wa nyumba ile. Tuliusimamisha ukumbini, kati ya jamvi la mdogo wangu na njia wanayopita wana wa mjomba, nikaukazia kwa boriti mbili. Kila jioni nilisikia komeo likisukumwa, ingawa lilikuwa linaingia hewani tu. Nilitaka kuondoka, miguu ilikuwa inaniwasha, sikuondoka.

Siku ya kutoka eda mama alimletea maji ya kuoga, akamwita. Pembeni ya mlango palikuwa na nafasi ya kupita mtu. Mdogo wangu alisimama, akavuta komeo kwanza, ndipo akapita pembeni.